Mwenye nyumba kabadilisha friji na jiko nikiwa kazini, sasa anataka kupandisha kodi. Nina haki gani?

Mpangaji Mtulivu (mleta mada)

Habari zenu wakuu. Naombeni ushauri, na kama kuna mwanasheria humu asipite kimya kimya.

Nimepanga nyumba yenye vifaa. Naingia nilikuta friji kubwa la milango miwili, jiko la gesi la plate nne lenye oveni, na mashine ya kufulia. Kodi niliyokubali ilikuwa ya nyumba pamoja na hivyo vitu, na mkataba bado haujaisha.

Juzi narudi kutoka kazini nakuta jikoni kumegeuzwa. Friji limeondoka, pamewekwa kafriji ka mlango mmoja kananifika kiunoni. Jiko la gesi halipo, kuna jiko la umeme la kioo, lile la induksheni linalopasha sufuria kwa nguvu ya sumaku. Mashine ya kufulia imebebwa, naambiwa nyingine iko njiani. Vyakula vyangu vya kwenye friza vimewekwa kwenye beseni sakafuni, vimeshayeyuka vyote, maji yametambaa mpaka mlangoni. Waliingia kwa ufunguo wa akiba.

Nampigia simu, ananijibu kwa furaha kabisa: "Nimekuwekea vitu vipya, shukuru." Usiku akatuma ujumbe kwamba mwezi ujao kodi inapanda kwa sababu ya "maboresho". Halafu kuna karatasi anataka nisaini kwamba nimepokea vifaa vikiwa katika hali nzuri na nimeridhika navyo.

Ana haki ya kufanya hivi? Naweza kukataa hiyo kodi mpya? Sufuria zangu ni za aluminiamu, jiko halizitambui kabisa, nani ananunua nyingine?

Komredi wa Kona

Mkuu, vitu ni vyake, nyumba ni yake. Ukiona hapakufai hama. Mengine ni kutafuta presha.

Dada Mkubwa

Komredi, usimpoteze mwenzako. Vitu ni vya mwenye nyumba, hilo halina ubishi. Lakini mpangaji analipia matumizi yake. Mtu akikukodisha gari la abiria saba, hawezi kuja katikati ya safari kukubadilishia la abiria wanne akakwambia ni jipya, shukuru.

Mleta mada, nenda kwenye mkataba wako sasa hivi. Tafuta vitu vitatu: orodha ya vifaa, kifungu cha matengenezo, na kifungu cha kupandisha kodi. Kisha rudi hapa utuandikie maneno yenyewe yalivyo, usitusimulie kwa kifupi.

Na hiyo karatasi USISAINI ilivyo. Hilo neno "nimeridhika" ndilo litakalokumaliza baadaye. Ukilazimika kusaini, andika kwa mkono wako chini: "Nimepokea vifaa hivi. Sijakubali kuwa vinalingana na vya awali." Weka tarehe, piga picha, kisha ndiyo umrudishie.

Mpangaji Mtulivu

Ahsante dada. Nimeusoma. Unasema: "Mpangishaji anampangisha mpangaji nyumba pamoja na vifaa vilivyoorodheshwa katika Kiambatanisho A." Kwenye kiambatanisho friji imeandikwa "kubwa, milango miwili", na jiko "la gesi, plate nne na oveni". Kuhusu kodi: "haitabadilika katika kipindi cha mkataba isipokuwa kwa makubaliano ya maandishi ya pande zote mbili." Kuhusu kuingia ndani anatakiwa kutoa taarifa, isipokuwa kwa dharura. Pia nina video niliyorekodi siku nakabidhiwa nyumba.

Dada Mkubwa

Basi una kesi nzuri kuliko nusu ya watu wanaokuja kulia humu.

Fundi Waya

Mimi sitaingia kwenye sheria, naingia kwenye usalama. Mkuu, hilo jiko jipya limechomekwa wapi? Jiko la induksheni la plate nne, zikiwaka zote kwa nguvu, linaweza kuvuta kama kilowati 7. Soketi ya kawaida ya ampea 13 kwenye umeme wa volti 230 inabeba kilowati 3 tu. Jiko la namna hiyo linataka laini yake peke yake kutoka kwenye meni swichi, breka ya ampea 32, waya mnene (mara nyingi milimita 6), na ethi (waya wa kupeleka umeme unaovuja ardhini) inayofanya kazi. Kama wamelichomeka kwenye soketi ya friji kwa kutumia ekstensheni, zima leo hii.

Shika plagi baada ya kupika kidogo. Ikiwa ya moto, au ukiona plastiki imeanza kuwa ya kahawia pembeni mwa matundu, hapo hakuna mjadala.

Kingine: bomba la gesi lililobaki ukutani limezibwa kwa kizibo? Kufunga koki peke yake hakutoshi, mtu anaweza kuigusa ikafunguka.

Sufuria: bandika sumaku chini ya kitako. Ikinata, inafaa. Aluminiamu ya kawaida hainati, ndiyo maana jiko linakuonyesha alama ya kosa.

Mpangaji Mtulivu

Fundi umenitisha. Ni ekstensheni kweli, na friji limechomekwa humo humo. Nimechomoa jiko.

Mwenye Nyumba Mstaafu

Mimi napangisha, acheni niseme la upande wetu. Vifaa vinazeeka. Friji la zamani linakula umeme, gasketi (mpira wa mlango) imechoka, kila siku fundi. Mwenye nyumba akiamua kubadilisha, mpangaji hana haki ya kudai abaki na lile lile, wala kuchagua chapa au rangi. Na akipewa taarifa vizuri, asimzuie fundi kuingia, maana akizuia na kitu kikaharibika, lawama itamrudia.

Lakini huyu mwenzangu kaharibu. Unapobadilisha, unaweka kinacholingana au bora zaidi: ujazo, kazi, na chanzo cha nishati. Lita za friji zimeandikwa kwenye kibandiko cha ndani au nyuma, si jambo la kubishania. Kutoka gesi kwenda umeme ni kumhamishia mpangaji gharama, kwa hiyo hilo mnakaa mnazungumza kwanza. Kodi nayo, mkataba umeshaifunga. Anaweza kuomba nyongeza mkataba ukiisha, si leo.

Ila na wewe mpangaji, usisuse kulipa kodi. Hapo wengi mnajichimbia kaburi. Mahali pengi kutolipa ni sababu ya kutolewa hata kama ulionewa kwenye mengine yote. Lipa ile ya zamani, tarehe ile ile, utunze risiti.

Wakili Mtaa wa Pili

Mstaafu kasema kweli. Niongeze kidogo, maana watu hunakili sheria za mitandaoni bila kuangalia ni za wapi. Kuhusu vifaa, sheria zinatofautiana sana. England, sheria ya wapangishaji na wapangaji ya mwaka 1985 inamtaka mwenye nyumba atengeneze mifumo ya maji, umeme, gesi na ya kupasha maji moto, lakini friji haimo. Friji inalindwa na mkataba wenu. Sheria hiyo hiyo inataka taarifa ya maandishi ya saa 24 kabla ya kuja kukagua. California wamekwenda mbali zaidi: kwa mikataba inayoanza au kuongezwa muda kuanzia 1 Januari 2026, nyumba nyingi za kupanga lazima ziwe na jiko na friji vinavyofanya kazi. Ujerumani, sheria ya kiraia inapunguza kodi yenyewe pale nyumba inapokuwa na kasoro inayoathiri matumizi. Kwa hiyo kabla hujamtajia mwenye nyumba kifungu chochote, hakikisha ni cha nchi unayoishi.

Mkataba wako ndiyo silaha yako ya kwanza. Andika barua fupi isiyo na matusi:

"Tarehe fulani, bila taarifa, vifaa vya Kiambatanisho A viliondolewa. Friji iliyoletwa ni ndogo. Jiko si la gesi na limeunganishwa kwa ekstensheni, hivyo nimeacha kulitumia kwa usalama. Mashine ya kufulia haipo. Naomba ndani ya siku 14 urejeshe vifaa vinavyolingana, au tukubaliane kwa maandishi kupunguza kodi. Jiko naomba lishughulikiwe mara moja. Naambatanisha picha na orodha ya vyakula vilivyoharibika. Nyongeza ya kodi sijaikubali. Nitaendelea kulipa kiasi cha mkataba."

Tuma kwa njia inayoacha ushahidi. Akikataa, nenda baraza au mahakama inayoshughulikia migogoro ya pango huko uliko, ukiwa na barua, video na risiti. Na vifaa vipya viingizwe kwenye orodha upya, pamoja na namba zake, ili siku unahama asije kukata amana yako kwa mkwaruzo uliokuja nao friji kutoka dukani.

Komredi wa Kona

Haya, nimefuta kauli. Nami narudi kuusoma mkataba wangu, sijawahi kuufungua toka nisaini.

Mpangaji Mtulivu

Mrejesho wakuu. Barua niliituma. Kwanza alinuna, akaniambia nimekuwa mjuaji. Baadaye akapiga mwenyewe. Kodi inabaki ya zamani. Jiko la gesi linarudi, fundi ataliunganisha na kupima kama linavuja. Mashine ya kufulia imeshafika. Friji kubwa linakuja kesho. Vyakula kagoma kulipa chote, tumekutana nusu, nimekubali yaishe. Orodha mpya tumesaini wote wawili.

Fundi Waya

Safi. Likija friji, angalia limesafirishwaje. Kama walililaza kwenye gari, lisimamishe wima na ulipumzishe saa kadhaa kabla ya kuwasha, bora hata siku nzima, mafuta ya kompresa yarudi mahali pake. Lichomeke moja kwa moja ukutani. Ile ekstensheni mrudishie mwenyewe.