Tupeane uzoefu: Catching Fire ilikuacha vipi ulipofika mwisho?

mtoto_wa_Chumbageni
Wadau salama? Jana usiku mdogo wangu kamaliza Catching Fire, katoka chumbani macho mekundu anauliza kingine kiko wapi, na mimi yote yakanirudia. Kwa ambao hamkifahamu ni kitabu cha pili cha Suzanne Collins baada ya The Hunger Games, kilitoka 2009. Katniss na Peeta wameshinda ile michezo ya Capitol, mji wa watawala, ambako watoto wa wilaya wanatupwa uwanjani wauane, wamerudi kwao Wilaya ya 12, wana nyumba nzuri na hela, unadhani mambo yameisha, kumbe Rais Snow anamfuata Katniss mpaka nyumbani kwake, ananuka damu na mawaridi. Pale tu nikajua huyu binti hapumziki. Haya semeni, sehemu gani ilikupiga zaidi? Msiogope kutaja mwisho.

Mama Zuu
Yule mzee wa Wilaya ya 11 aliyepiga mluzi. Basi.

kijana_wa_bweni
Mama Zuu umegusa palepale. Sisi kitabu kilikuwa kinazunguka bweni zima mpaka jalada limeng'oka, unapewa usiku mmoja asubuhi unakabidhi, nasoma na tochi ndani ya shuka. Nafika kwenye ile ziara ya ushindi, wako Wilaya ya 11 kwa kina Rue, yule binti mdogo rafiki wa Katniss aliyeuawa uwanjani kitabu cha kwanza, Katniss anaishukuru familia ya Rue jukwaani, mzee mmoja kwenye umati akapiga ule mluzi wa noti nne wa Rue, watu wote wakaweka vidole vitatu mdomoni wakamnyooshea. Nikasema hapa kimeumana, wamepata nguvu hawa. Mara Katniss anarudi kufuata maua yake aliyoyasahau anaona mzee anaburutwa mpaka juu ya ngazi, anapigishwa magoti, risasi ya kichwa. Kwa mluzi tu jamani!! Katniss hakutaka kumchochea mtu yeyote, alitaka kusema asante, na asante yenyewe ikaua mtu. Asubuhi jamaa wa zamu akaja kuchukua kitabu nikakataa kukitoa, tukagombana mpaka mwalimu wa zamu akaja.

Bi_Pwani
Kweli kabisa, ile ilikuwa dhuluma.

mkosoaji_huru
Mimi naona mnakipamba sana. Nusu ya kwanza nzuri, nusu ya pili ni yaleyale ya kitabu cha kwanza, uwanja, mapanga, watu wanakufa. Mwandishi aliishiwa, na mwisho kaukata tu.

fundi_saa
Mkosoaji wewe ulisoma au uliangalia filamu ya 2013 ukiwa unachati? Safari hii hawatoi watoto wapya, ni michezo ya 75, kila baada ya miaka 25 wanatunga sheria ya kikatili, na hii wanaitoa kwa washindi wa zamani walio hai. Wilaya ya 12 mshindi mwanamke ni Katniss peke yake! Hakuna cha kusubiri kura, tangazo likisomwa kwenye runinga ashajua anarudi. Anakimbia mpaka kwenye nyumba tupu, anaingia chini kwenye stoo, anajiziba mdomo na nguo apige kelele asisikike. Hayo kitabu cha kwanza yalikuwepo? Na uwanja wenyewe ni saa, umegawanywa vipande 12, kila saa balaa lake, radi, mvua ya damu, ukungu wa sumu, nyani, halafu wale ndege wanaolia kwa sauti ya Prim, mdogo wake Katniss. Wiress, mmoja wa washindi waliorudishwa, anasema tik tok tik tok wenzake wanaona kachanganyikiwa, kumbe ndiye wa kwanza kuelewa. Hiyo unaiita marudio?

mkosoaji_huru
Nimesoma, na bado nasema marudio. Tuheshimiane.

Bi_Pwani
Na Mags je? Bibi wa watu, mshindi wa zamani kama Finnick wa wilaya yake, Finnick amembeba Peeta, Katniss amembeba bibi, nguvu zimemwisha, ukungu unakuja. Bibi akambusu Finnick akaingia mwenyewe ndani ya ukungu. Mimi nililia na mtoto mgongoni.

timu_Gale
Wote mnamsahau Gale, rafiki wa Katniss wa kuwinda, anachapwa viboko hadharani kwa ajili ya bata mzinga mmoja wa porini. Peeta yeye kazi yake kuokolewa.

Mama Zuu
Timu Gale usituharibie. Peeta alijitolea kuingia badala ya Haymitch, yule mshindi wa zamani wa Wilaya ya 12 aliyewafundisha, tena ili amlinde Katniss. Mwanaume wa hivyo nitajie mmoja mtaani kwenu.

timu_Gale
Mama naheshimu umri wako ila hapo umeteleza.

mwana_wa_ziwa
Huwa nasoma tu siandiki. Leo niruhusuni.

Mimi ni Mkongo wa upande wa Fizi, nimekulia kambini Nyarugusu, kule Kasulu. Kitabu niliazima kwa mwalimu. Naona watu wanalalamika kwamba mwisho umekatwa, mimi ule mwisho niliuelewa kuliko kitu kingine chochote nilichosoma. Katniss anaamka ametolewa uwanjani, anaambiwa kulikuwa na mpango na nusu ya washindi walijua, yeye wakamficha, Peeta kachukuliwa na Capitol. Halafu Gale anakuja. Anaanza na walio hai, anasema mama yako na Prim wapo, niliwatoa mapema. Baadaye ndiyo anasema ndege zilidondosha mabomu ya moto, Wilaya ya 12 haipo tena.

Hivyohivyo ndivyo tulivyoambiwa sisi. Jirani yetu alifika kambini nyuma yetu, akaketi na mama, mama anachambua maharage ya mgao. Anauliza mtu mmoja mmoja, fulani? yupo, kavuka ziwa. Fulani? yupo. Mama akawa anacheka, kweli anacheka. Ndipo akauliza, na kwetu? Jirani akaangalia chini akasema kule hakuna kitu tena mama Furaha, pote pamechomwa. Mama hakulia. Aliendelea kuchambua, lakini alikuwa anatupa maharage na mawe anayaweka kwenye sufuria, na jirani anaona na hasemi kitu. Nilikuwa mdogo, nikaanza kuokota maharage chini.

Sasa wewe mwandishi uko Marekani, ulijuaje kwamba habari hiyo huanza na walio hai? Nilisoma ukurasa ule nikampelekea mama nikamtafsiria, akasema huyo kijana kafanya vizuri kuanza hivyo.

Bi_Pwani
Pole sana mwanangu. Pole kwa mama.

kijana_wa_bweni
Kaka nimesimama kwenye foleni ya benki nimeshindwa hata kusogea.

mkosoaji_huru
Pole ndugu. Kuhusu mwisho naondoa maneno yangu. Kuhusu uwanja yanabaki.

timu_Gale
Mnaona sasa? Nani aliwatoa watu? Gale!

Mama Zuu
Hapo leo nakupa.

mtoto_wa_Chumbageni
Jamani dogo anataka ushauri, aendelee na Mockingjay, kitabu cha tatu, au apumzike?

fundi_saa
Aendelee leoleo, jeraha likiwa bichi.

kijana_wa_bweni
Asithubutu. Apumzike mwezi mzima, cha tatu kizito.

Bi_Pwani
Asome kwanza kile kipya cha 2025 cha Haymitch, ile michezo ya 50 ambayo humu wanaiona kwenye mkanda.

fundi_saa
Bi Pwani hapana, utamchanganya mtoto. Hicho mwisho kabisa.

Mama Zuu
Ale kwanza.

msoma_pole
Mwana wa ziwa, una neno lolote kuhusu Bonnie na Twill? Wale wakimbizi wawili wa Wilaya ya 8 Katniss anaowakuta kwenye kibanda msituni, mmoja anachechemea, wana kipande cha mkate chenye alama ya Mockingjay, yule ndege wa Katniss, wanaamini Wilaya ya 13, ambayo Capitol inasema iliangamizwa zamani, bado ipo. Filamu iliwatoa kabisa na hakuna anayewataja.

mwana_wa_ziwa
Nawataja mimi. Hao ndio niliokuwa nawatafuta kila ukurasa mpaka mwisho. Waliambiwa kule mbele kuna mahali, hawana uhakika, wakaenda na mguu mbovu hivyohivyo. Katniss akawaachia chakula chote alichokuwa nacho kwenye mfuko na akamwonyesha Twill jinsi ya kuwinda. Nasema filamu ilikosea kuwatoa, na ningemwambia aliyeitengeneza usoni.