Junior ameogesha kobayi (simbilisi)

*Kikundi: Familia Himbi na Ndosho*

Jumamosi

16:12 Mama Junior: Jambo sana familia. Nilienda sokoni Birere, kurudi nakuta Junior ameogesha kobayi wote wawili kwenye beseni, kwa sabuni ya kufulia! Yule mweupe anatetemeka, amejikunyata pembeni. Nifanye nini?

16:14 Tantine Furaha: Mkaushe kwanza, maneno baadaye. Kama sabuni bado imo, mpanguse kwa kitambaa chenye maji ya vuguvugu. Kisha taulo kavu, unabonyeza manyoya, husugui. Tumbo na makwapa ndiyo huchelewa.

16:15 Tantine Furaha: Chupa ya maji ya moto izungushie kitambaa, uiweke karibu naye, abaki na nafasi ya kusogea akisikia joto limezidi. Usimweke kando ya jiko la babula, moshi wa makala si mzuri kwa mapafu yake. Na usimtenge na mwenzake.

16:31 Mama Junior: Nimemkausha kwa kitenge cha zamani. Moyo unamwenda mbio, nausikia kwenye vidole.

16:33 Mama Junior: Tantine ni mimi Junior. Nisamehe. Walikuwa wananuka, na kesho Koko anakuja, nilitaka akute wako safi

16:38 Tantine Furaha: Junior mwanangu, harufu ile ni ya majani yaliyolowa mikojo. Badilisha majani, harufu itaisha. Kobayi anajisafisha mwenyewe: analamba mikono ya mbele, anaipitisha usoni mpaka nyuma ya masikio. Ukimlowesha mwili mzima anaingiwa na baridi, na mafuta ya ngozi yanatoka. Mwaka nilioanza kufuga niliogesha watatu, nikidhani natoa chawa. Asubuhi mmoja alikuwa amekufa. Mpaka leo naukumbuka ule mwili mdogo mkononi.

16:44 Tonton Déo: Mimi niliona video, mnyama kama huyo anajigaragaza kwenye vumbi la volkeno. Hapa Goma vumbi hilo si tunalo? Tumuwekee kwenye sahani.

16:47 Tantine Furaha: Hapana Tonton. Yule ni chinchila. Asili ya wote wawili ni milima ya Andes, Amerika Kusini, lakini manyoya ya chinchila yamesongamana hata maji yakiingia hayakauki upesi, ndiyo maana anatumia vumbi laini kunyonya mafuta. Kobayi vumbi litamwingia machoni na puani tu.

16:52 Dada Neema: Na sungura wangu, Tantine? Huku nyuma amegandwa na kinyesi.

16:58 Tantine Furaha: Huyo ndiye usimtumbukize kabisa. Akishituka anapiga teke la nguvu, anaweza kujivunja uti wa mgongo. Lowesha sehemu ile tu, safisha, kausha vizuri. Halafu tafuta sababu: majani makavu hayatoshi? Amenenepa hajifikii? Meno yanamuuma? Na mwangalie kila siku, nzi wanataga pale na funza wanaanza kumla akiwa hai. Ukiona hata mmoja, munganga wa mifugo siku hiyohiyo, usingoje Jumatatu.

17:01 Dada Neema: Nilikuwa nataka kumpaka dawa ya viroboto ya mbwa

17:01 Tantine Furaha: Usimpake!! Yenye fipronili inaua sungura.

17:03 Dada Neema: Aksanti Tantine. Naitoa hata ndani ya nyumba.

18:50 Mama Junior: Amekula jani la karoti. Junior amelala sakafuni karibu na sanduku lao, hataki kitanda.

Jumapili

06:40 Mama Junior: Tantine uko macho? Yule mweupe anatoa maji meupe machoni, kama maziwa! Amepofuka?

06:42 Tantine Furaha: Macho yote mawili? Angalia anayafanyia nini.

06:44 Mama Junior: Anayapangusa kwa mikono, anajipaka usoni kote... Yameisha. Macho yanang'aa.

06:45 Tantine Furaha: Ndiyo maji yake ya kunawa uso. Anayatoa mwenyewe. Lingekuwa jicho moja, lina tongotongo limeganda, ningekwambia mpeleke kwa munganga.

06:47 Mama Junior: Tantine ni Junior!! Ananawa tena! Sasa amefika kwenye masikio