MH-47G iliyoboreshwa: Goma ingebeba kiasi gani?

Birere243
Wandugu, jambo. Tangu Boeing ikabidhi MH-47G Block II ya kwanza, helikopta ya Chinook yenye rota mbili, kwa vikosi maalum vya Marekani mwaka 2020, watu wanasifu rada na kamera tu. Mimi nauliza uzito. Zile kilo 24,494, uzito wake wa juu kabisa wa kuruka, ingetoka nazo Goma saa saba mchana?

Fundi_Luano
Sidhani, mukubwa. Hicho ni kikomo cha mwili wa ndege, hewa bado haijaulizwa. Uwanja wa Goma uko mita 1,550 hivi. Kwa kipimo cha kimataifa, urefu huo ungekuwa na nyuzijoto 5. Kukiwa na 27, zimezidi 22. Kila nyuzi moja iliyozidi ni kama kuongeza mita 36 za urefu, jumla karibu 800. Kwa hiyo injini na rota zinafanya kazi kana kwamba ziko mita 2,350, ambako hewa imepungua kwa karibu sehemu moja ya tano. Chinook ina nafuu: rota zote mbili zinabeba, hakuna ya mkia inayokula nguvu bure.

Kadutu_Juu
Naongeza. Kusimama hewani karibu na ardhi ni rahisi, maana upepo wa rota unagonga chini na kukuinua. Rota ya Chinook ina kipenyo cha mita 18. Ukipita urefu huo, msaada umekwisha. Kushusha askari kwa kamba juu ya miti ya Kahuzi kunataka jedwali la pili la uzito, la kusimama bila msaada huo, lile gumu. Anayesoma la kwanza tu, la karibu na ardhi, ndege inamzamia.

Birere243
Basi wapunguze askari?

Kadutu_Juu
Mafuta kwanza. Ule mkono mrefu wa mbele kazi yake ndiyo hiyo: unaondoka na machache, unajaza angani kutoka MC-130, ndege inayobeba mafuta ya kugawa. Ndege yenye mwendo inadai nguvu ndogo kuliko iliyosimama. Lakini usijaze mpaka juu: piga hesabu ya yatakayobaki utakapofika pa kushusha watu.

Fundi_Luano
Na vumbi la lava, jamani! Chembe zake zinakwangua kompresa, sehemu ya injini inayobana hewa, nguvu inashuka na joto la turbini linapanda kwa kazi ile ile. Vichujio vinasaidia, navyo vinapunguza nguvu kidogo. Pima injini kabla ya kupakia. Ikishindwa, iache ipoe, osha kompresa, pima tena, isipopita, haipakiwi. Nyiragongo ikitoa majivu, hakuna kuruka: yanayeyuka kwenye chumba cha mwako na kuganda kwenye turbini.