Tupeane uzoefu: kiwanja cha wazi kimezungushiwa mabati, mnaandamanaje kwa amani?

Baiskeli Mbili: Wadau wa Tanga, picha ya yale mabati ya buluu mmeiona. Jioni watoto walikuwa wanacheza mpira, asubuhi kuna uzio na mlinzi. Wanaoijua kazi hii wamwage hapa, kuanzia karatasi hadi siku yenyewe. Vyama vya siasa tuviache mlangoni.

Fundi Mipaka: Kabla ya bango, mchoro. Nendeni ofisi ya ardhi ya halmashauri, ombeni kuona mchoro wa mipangomiji wa eneo hilo, mnakili namba ya mchoro, namba ya kiwanja na kitalu chake. Ukisema ni eneo la wazi, mwenye mabati aonyeshe kibali cha kubadili matumizi. Kibali cha ujenzi ni karatasi nyingine kabisa, na ndiyo watu wanayopenda kuipunga kana kwamba imemaliza kesi. Kisha lipieni upekuzi wa daftari kwa msajili wa hati mjue kiwanja kimesajiliwa kwa jina la nani. Bila hizo namba mtaandika "uwanja wetu", na hilo "wetu" mahakamani halina kitalu.

Kama ni huko ufukweni Raskazone, ongezeni kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004: ndani ya meta 60 kutoka ufukwe wa bahari hairuhusiwi shughuli ya kudumu.

Kahawa Chungu: Nakazia. Namba ya kiwanja na kitalu iandikwe kwenye bango lenyewe.

Mama Chumbageni: Hayo yote sawa, lakini msisahau kuomba kibali cha polisi masaa 48 kabla.

Wakili wa Kivulini: Shangazi, kwa heshima zote, hapo kwenye "kuomba kibali" ndipo watu wanapojifunga wenyewe. Kifungu cha 43 cha Sheria ya Jeshi la Polisi na Polisi Wasaidizi, Sura ya 322, kinataka TAARIFA kwa maandishi, si chini ya saa 48 kabla, kwa ofisa wa polisi anayesimamia eneo. Ndani yake muweke mahali, muda na madhumuni kwa jumla. Mkishaitoa mnaendelea, isipokuwa mmeletewa amri ya kuzuia. Ukiandika "tunaomba kibali", jibu rahisi ni "kibali hakijatoka", na ukimya unageuka kuwa katazo. Andika: "Tunatoa taarifa kwamba..."

Nakala tatu. Moja inabaki kituoni, ya pili inarudi na mhuri wa kupokelewa, tarehe NA saa, ya tatu ikae kwa mtu asiyeandamana. Kama mnafanya Jumamosi saa 3 asubuhi, mwisho wa kufikisha ni Alhamisi saa 3 asubuhi, lakini atakayesubiri Alhamisi hana akili. Pelekeni wiki mbili kabla. Amri ya kuzuia ikija, rufaa ni kwa Waziri na uamuzi wake ndio wa mwisho, na sijasikia rufaa iliyopanda Dodoma na kushuka kati ya Alhamisi na Jumamosi.

Mzee wa Saa: Ni saa 48, si masaa 48.

Mama Chumbageni: Mabati yamekula uwanja, wewe unahesabu ngeli. Haya.

Pwani Mpaka Mombasa: Wakili umekosea, ni siku 3.

Wakili wa Kivulini: Siku 3 ni Kenya, ndugu yangu. Sheria yao ya utulivu wa umma (Public Order Act) inasema si chini ya siku 3 wala zaidi ya 14, na haki yenyewe iko ibara ya 37 ya katiba yao ya 2010. Kwetu ni ibara ya 20, na saa 48. Ukichanganya barua itakataliwa kwa kicheko.

Pwani Mpaka Mombasa: Lakini hao Wakenya ndio wanaojua kutetea viwanja. 1989 serikali ilitaka kujenga jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, Nairobi. Mwanamazingira Wangari Maathai alianza na barua tu: ofisi ya rais, wasimamizi wa jiji, UNESCO, mpaka balozi wa Uingereza. Wakamtukana bungeni, lakini jengo halikusimama. Halafu ikaja Karura. Tarehe 8 Januari 1999 walienda kupanda miti kwenye msitu uliokuwa unagawiwa wajenzi, wakavamiwa na watu wenye silaha, yeye akapasuliwa kichwa. Alipofika kituo cha polisi kuandikisha maelezo, alitia sahihi kwa damu yake mwenyewe. Mwezi wa nane mwaka huo huo Rais Moi akasimamisha ugawaji wa ardhi ya umma.

Kahawa Chungu: Kwa damu!

Binti wa Majani Mapana: Hii sikuwahi kuijua. Nimesisimka.

Baiskeli Mbili: Yaani hapo ndipo pa kuanzia, si barua na mihuri!

Fundi Mipaka: Hapana, soma tena. Uhuru Park iliokolewa na barua. Mmekwishadandia damu, wino mmeuacha kituoni.

Mlinzi wa Msafara: Niseme saa mbaya ilivyo, maana wengi hupanga maandamano na hawapangi kuondoka.

Mmetoa taarifa ya watu 60. Mnaanza 60. Mkifika barabara kubwa ya Ngamiani, bodaboda wanajiunga kwa honi, vijana wa vijiweni wanafuata, mko 200 na zaidi ya nusu hawajui mmekubaliana nini. Mmoja anapiga bati jiwe. Bati ni mali ya mtu, kwa hiyo sasa kuna kosa la kuharibu mali, na ofisa amepata neno alilokuwa analitafuta: uvunjifu wa amani. Anashika kipaza sauti, anaamuru mtawanyike. Kuanzia hapo sheria inawahesabu: watatu tu wakikaidi, ni mkusanyiko usio halali. Wa mbele wamesikia, wa nyuma wanaimba. Wa mbele wanarudi nyuma, wa nyuma wanasukuma mbele, na huko ndiko watu wanakoumia hata bila bomu la machozi.

Dawa yake ipangwe kabla. Msimamizi mmoja kwa kila watu 20, amevaa kizibao cha kung'aa kama cha bodaboda. Wawili wakae mkiani na filimbi. Filimbi ndefu moja, simama. Tatu fupi, kaeni chini kwanza, kisha muondoke wawili wawili kwa njia mliyokwisha ipita siku moja kabla. Mabango yawe ya boksi na kamba ya shingoni. Fimbo ya bango kwenye ripoti inaitwa silaha. Tamko lisizidi dakika 2, lisomwe mapema, ili mkitawanywa liwe limeshasomwa. Mtu mmoja asiyeimba aandike saa ya amri, maneno yake na namba ya ofisa.

Kahawa Chungu: Filimbi tatu na honi za bodaboda, nani atasikia? Tumieni bendera.

Mlinzi wa Msafara: Bendera wa nyuma hawaioni. Tumieni vyote.

Binti wa Majani Mapana: Kwa nini msicheze mpira tu? Timu mbili, saa 10 jioni, mbele ya mabati. Nani atakamata bonanza?

Wakili wa Kivulini: Mpira ni mpira mpaka mtundike bango. Mkipanga kutundika, toeni taarifa kwanza.

Mama Chumbageni: Na watoto waje, uwanja ni wao.

Mlinzi wa Msafara: Watoto wasije kabisa. Tarehe 19 Januari 2015 wanafunzi wa shule ya msingi ya Lang'ata Road, Nairobi, walisukuma ukuta uliozungushiwa uwanja wao wakapigwa mabomu ya machozi.

Pwani Mpaka Mombasa: Na dunia nzima ikaona, ndiyo maana uwanja ukarudi.

Mlinzi wa Msafara: Mapafu ya mtoto si gazeti, kaka.

Fundi Mipaka: Wakati mnabishana, zege linakauka. Wakili, mahakama je?

Wakili wa Kivulini: Ukiishitaki serikali au halmashauri lazima utoe notisi ya siku 90 kwanza. Siku 90 ghorofa ya kwanza imeshasimama. Kwa hiyo mkitoa notisi tu, wakili apeleke Mahakama Kuu maombi ya zuio, yaani amri ya kusimamisha ujenzi kwa muda, wakati notisi inakimbia. Wenyewe huyaita maombi ya Mareva. Hapo ndipo muhtasari wa mkutano wa mtaa wenye orodha ya mahudhurio unapohitajika.

Akikamatwa mtu, dhamana ya polisi ni bure, na ndani ya saa 24 afikishwe mahakamani au aachiwe kwa dhamana. Wadhamini wawili wakae nje ya msafara na vitambulisho vya taifa (NIDA) na barua ya utambulisho kutoka kwa mtendaji wa mtaa. Barua hiyo ichukuliwe Ijumaa. Jumamosi mtendaji yuko shambani Pongwe.

Baiskeli Mbili: Hahaha kweli. Na barua ya polisi inaenda kwa mkuu wa polisi wa mkoa au wa wilaya?

Wakili wa Kivulini: Wa wilaya, nakala kituo cha karibu. Namba ya wakili kila mtu aiandike mkononi, simu huchukuliwa kwanza.

Kahawa Chungu: Kwa kalamu ya kuandikia maboksi, isiwe peni. Joto hili la Tanga, mpaka saa 5 peni imeshuka kwenye kiwiko.