HR akiniuliza kwa nini naacha unesi wodini nimjibuje?

NesiWaZamu:
Wakuu habari za muda huu. Mimi ni nesi wa diploma, hospitali moja ya binafsi hapa Dar, leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga iko hai. Nimeitwa intavyuu kampuni ya bima ya afya, kitengo cha kuhakiki madai, na yule dada wa HR kashanipigia akaniuliza "sasa huko mbona unaondoka?" nikababaika nikamwambia tutaongea tukionana. Ukweli ni kwamba nimechoka, usiku wodi nzima niko mimi na mhudumu mmoja, huku dripu imeisha kule ndugu wa mgonjwa anafoka, asubuhi wa kunipokea zamu hajafika na siwezi kuondoka. Mshahara unachelewa, posho ya usiku hatujawahi kuiona. Nikiyasema haya si ataniona mlalamishi? Na nikisema natafuta changamoto mpya hata yeye atajua ni uongo.

kipanga_mbagala:
Mwambie hela ndogo basi, mbona simpo. Kwani yeye HR anafanya kazi kwa sadaka?

DadaWaAjira:
Huyo hapo juu usimsikilize 😂 Mimi niko upande wa kuajiri. Akikuuliza hivyo anataka kujua mawili tu, kama umefukuzwa, na kama ukija kwake utakaa. Sema hivi: "nimekuwa nashika wodi usiku peke yangu, kila dawa na kila dripu naiandika mwenyewe kwenye faili, sasa nataka kazi ambayo kusoma hayo mafaili ndo kazi yenyewe". Umeona, usiku umeutaja ila hujalia. Mshahara kuchelewa kaa nao kimya. Halafu mpe mfano, mtu ambaye hajawahi kukanyaga wodini anapitisha fomu ya mgonjwa kalala siku moja kaandikiwa kanula (kile kisindano cha kuwekea dripu mshipani) sita, wewe unauliza hapo hapo mshipa gani huo.

Sista_Kisumu:
Mimi huku Kenya niliwaambia tu wazi nimechoka na zamu za usiku, nina mtoto mdogo, na kazi wakanipea. Si kila mtu anataka maneno matamu.

DadaWaAjira:
@Sista_Kisumu sawa, ila wewe ulitaja kitu kimoja ukanyamaza. Wengi wakianza hawaishii hapo, wanafika mpaka kwenye chai ya kantini.

mtu_wa_sheria:
Pembeni kidogo. Posho ya usiku sio hisani ya mwajiri, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema isipungue asilimia 5 ya mshahara wa msingi wa saa, kwa kila saa unayofanya kazi kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi. Idai huko unakotoka, kwenye intavyuu usiilete. Na kama unalipwa kwa mwezi notisi ni siku 28, kwahiyo akiuliza unaanza lini usijitape "hata kesho". Ukiondoka omba cheti cha utumishi, ni haki yako.

NesiWaZamu:
Asanteni sana, hiyo ya kanula nimeichukua kama ilivyo. Sasa akitaka namba ya bosi wangu ampigie? Matroni (mkuu wa manesi) akijua tu nimekwisha, ratiba yote ya usiku itakuwa yangu.

DadaWaAjira:
Mpe ya inchaji (msimamizi wa wodi) wako wa zamani aliyehama. Ya matroni mwambie utaitoa ukishapata barua ya ofa, ni jambo la kawaida kabisa na hakuna HR wa maana atakayekasirika.