Mkate wa kumimina unanibonyea katikati, na sahani ya jirani bado iko kwangu

Mpishi Mgeni:

Habari za jioni, ndugu zangu. Mimi ni mwenyeji wa Tanga niliyehamia Dodoma mwaka jana kwa sababu ya kazi ya mume wangu. Nimebahatika kupata jirani, mama wa Kigogo aliye rika la mama yangu, ambaye hata wiki mbili hazijapita tangu tufike aliniletea ugali wa uwele na mlenda uliotiwa karanga, kwenye sahani ya bati yenye maua mekundu. Kwa malezi niliyoyapata, sahani ya jirani hairudishwi tupu, kwa hiyo niliamua kuijaza mkate wa kumimina, chakula ambacho marehemu bibi yangu alipokipika, wapita njia walijua kwa harufu ya hiliki kwamba kwetu kuna jambo.

Nilichukua vikombe 2 vya mchele, nikauosha na kuuloweka kwa saa moja, kisha nikausaga kwenye blenda pamoja na kikombe 1 na nusu cha tui, robo tatu ya kikombe cha sukari, hiliki, na hamira kijiko cha chai 1 na nusu. Niliuweka juani kuanzia saa sita mchana hadi saa kumi, nikaumimina katika sufuria, nikaufunika na kuupika kwa gesi. Ulipanda hadi karibu na mdomo wa sufuria, nikafurahi, lakini nilipofunua baada ya muda niliukuta umebonyea katikati, chini umeshika ukoko mweusi, na ndani unanata kama ubwabwa wa mgonjwa. Kwa kuwa nilikuwa nimeshamwahidi, nilimpelekea pande zile za pembeni zilizosalimika. Kesho yake alinishukuru sana kwa "uji wa pwani".

Nimejaribu tena mara mbili na matokeo ni yale yale. Sasa sahani imerudi kwangu, safari hii na mlenda mwingine, nami naona haya. Naomba mnieleze ninapokosea, na kama mnaona mkate huu haufai kupikwa huku bara, nipeni wazo la kitu kingine cha kuweka kwenye sahani hiyo.

Bi Hiliki:

Mwanangu, mkate unapikika popote palipo na moto, ila wewe umeuharakisha mahali pa kungoja na ukaungoja mahali pa kuuharakisha. Mchele wa saa moja bado una kiini kigumu, na hata blenda ikilia namna gani utabaki chengachenga, nazo hukaa chini na kuungua huku maji yakibaki juu. Uloweke usiku kucha, asubuhi uuchuje vizuri, kisha usage kwa tui kidogo kidogo, hata usitumie kikombe 1 na nusu chote, kwa sababu mchele uliolala majini umeshakunywa maji yake. Chukua tone moja ulisugue kati ya kidole gumba na cha shahada. Ukihisi mchanga, rudisha kwenye blenda. Tumia mchele wa zamani usionata, kwani mchele mpya wa mavuno ni mzuri kwa wali wa nyumbani lakini katika mkate hugeuka gundi.

La pili ni kuumuka. Usitazame saa, utazame unga wenyewe. Ukishajaa povu dogo dogo na kupanda karibu mara mbili, wakati umefika. Ukiuacha hadi uanze kushuka wenyewe kwenye bakuli, hakuna moto utakaouinua tena, na nina hakika jua la saa nne hizo ndilo lililokuponza. Sukari itie mwishoni, ukoroge taratibu pamoja na ute wa yai moja uliopigwa kidogo, halafu uache upumue dakika chache kabla ya kuumimina.

Tatu, kifuniko. Sisi Unguja hatuufuniki mkate unapoiva chini. Sufuria ipakwe samli, ishike moto hadi unga ukimiminwa usikie unalia ukingoni, kisha moto upunguzwe sana. Juu pakianza kutoboka vishimo na pembeni pakikauka, hapo ndipo tunapalia mkaa juu ili uso upate rangi. Wewe ulipofunika mapema, mvuke uligonga kifuniko ukarudi matone matone katikati ya mkate, na hapo ndipo ulipobonyea.

Chungu Cheusi:

Nakubaliana na Bi Hiliki katika mengi, isipokuwa ute wa yai, ambao kwa maoni yangu ni mkongojo wa watu wasioamini hamira yao. Nimeishi Dodoma miaka tisa na ninapika mkate huu karibu kila mwezi bila yai.

Ningependa kuongeza mambo yanayohusu mahali ulipo. Mji huu uko zaidi ya mita 1,100 juu ya usawa wa bahari, na maji huchemka hapa kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100. Hewa ikiwa nyepesi, mapovu ya hamira hutanuka kwa urahisi zaidi, kwa hiyo mkate hupanda haraka kabla kuta zake hazijakomaa kuubeba. Kijiko 1 na nusu cha hamira ni kingi mno kwa vikombe 2 vya mchele. Tumia kijiko kimoja kisichojaa. Lakini ukipika mwezi wa Juni au Julai, usiku wa huku ni baridi na unga unaweza kuchukua muda mrefu ajabu, basi uweke jikoni karibu na sufuria yenye maji ya moto.

Kuhusu nazi, zile zinazofika sokoni kwetu zimesafiri, na mara nyingine tui lake huwa na mafuta yaliyoanza kuvunda. Onja kipande kabla ya kukuna. Tui la kopo linafaa, lakini ni zito, nami hulipunguza kwa maji kiasi cha robo. Kama huna mkaa, tumia ovena kwenye nyuzi 180: anzia jikoni hadi ukingo ushike, kisha uhamishe sufuria ndani, mradi isiwe na mikono ya plastiki. Nilijifunza hilo kwa gharama ya sufuria ya mke wangu, na habari ile bado inasimuliwa kwetu.

Pwani Kaskazini:

Huku Mombasa tunauita mkate wa sinia. Ninaunga mkono ute wa yai.

Mbegu za Maboga:

Dada yangu, mimi ni Mgogo, na nimesoma habari yako nikicheka peke yangu, kwa sababu ninaweza kumwona huyo mama akimega ule mkate kwa kijiko. Nikuhakikishie kwamba hakukudhihaki. Uji kwetu ni chakula cha heshima, na kama alirudisha sahani ikiwa na mlenda kwa mara ya pili, ujue alikipenda ulichompa.

Ikiwa hutaki kumpelekea mkate hadi uwe na uhakika nao, mpikie kunde za nazi. Kunde anazijua tangu utotoni, hahitaji kufundishwa namna ya kuzila, ila tui ndilo litakalokuwa geni kwake, na zinateremka vizuri kwa ugali wa uwele. Zichemshe hadi zilainike kabisa, utie kitunguu, nyanya na tui la pili, ziive taratibu, kisha umalizie kwa tui zito bila kuliacha lichemke kwa nguvu lisije likakatika. Usitie pilipili nyingi. Na mkate utakapokubali, nyunyiza zabibu kavu juu kabla ya kuupalia, kwani zabibu ni zao la hapa na atacheka akiziona ndani ya chakula chako.

Ombi langu moja: muulize anavyoweka magadi kwenye mlenda. Watu wengi hubahatisha, wakizidisha mlenda unakuwa na ladha ya sabuni, lakini wapishi wazuri hupima kwa kuutazama mvuto wake tu unapoinuliwa kwa mwiko.

Mpishi Mgeni:

Shikamoo Bi Hiliki, na asanteni nyote. Nimechelewa kurudi kwa sababu nilitaka kuja na jibu.

Siku ya kwanza nilipeleka kunde za nazi, na sahani ilirudi jioni ile ile, kabla sijaosha sufuria. Jumamosi nililoweka mchele usiku, Jumapili nikausaga mara tatu hadi kidole hakikuhisi kitu. Nilitumia kijiko kimoja cha hamira, na ilipofika dakika ya 50 niliona povu likipasuka juu kama mvua ndogo kwenye dimbwi, nikaacha kila kitu nikawasha jiko. Ute wa yai niliutia (Chungu Cheusi anisamehe, wakubwa walikuwa wawili dhidi ya mmoja). Nilikaa juu ya kigoda nikiitazama sufuria bila kuifunika, na vishimo vilianza kutoboka pembeni vikaelekea katikati, kama vile bibi alivyokuwa akinionyesha kwa ncha ya kijiti. Mkaa niliupalia juu ya sinia kuukuu kwa dakika kumi na kidogo.

Haukubonyea. Upande mmoja uligoma kutoka, nikaunasua kwa kisu ukachanika, na zabibu zote zilikuwa zimezama chini isipokuwa tatu. Nilikata vipande vya pembetatu, nikauficha ule mchaniko chini ya kipande kingine, nikavuka uwanja na sahani ya maua mekundu.

Mama alikula kipande kimoja akiwa amesimama mlangoni. Akaniuliza, kwa upole sana, kama ule uji wa mara ya kwanza bado ninaupika, kwa sababu mjukuu wake ameuulizia. Kuhusu magadi amesema niende Alhamisi mapema, kabla hajawasha moto, nami nisije na kijiko cha kupimia.

Sahani bado iko kwake.