Naombeni ushauri: nimepewa somo la kompyuta darasa la nne, nimeanza vibaya

Mwalimu_wa_Hesabu
Wakuu, habari zenu. Mimi ni mwalimu wa hisabati, muhula huu nimeongezewa kompyuta kwa darasa la nne. Sababu niliyopewa: "wewe simu unaijua." Watoto 42, kompyuta zinazowaka 6, kipindi kimoja kwa wiki.

Wiki ya kwanza niliwaambia waandike majina yao. Nusu ya kipindi iliishia kuitafuta herufi A kwenye kibodi. Wiki ya pili nikaingia usalama mtandaoni, nikawatisha vilivyo: matapeli, watu wabaya, picha zinazosambaa. Kengele ilipolia, msichana mmoja akabaki nyuma akijifanya anafunga begi. Akaniuliza, "Mwalimu, ukishamtumia mtu picha, inafutika?" Nikamuuliza picha gani. Akasema hakuna, akakimbia.

Tangu siku hiyo sina raha. Nimekosea wapi? Na hizo kompyuta 6 nizifanyie nini?

Mlezi
Mwalimu, kompyuta ziache kwanza. Anza na huyo mtoto, tena leo.

Usimhoji mbele ya wenzake. Mwambie hajafanya kosa na hakuna atakayemgombeza. Ila usimwahidi kwamba itabaki siri yenu wawili, maana huenda ukalazimika kuivunja, na akiona umeivunja hatasema tena kwa mtu yeyote. Mpeleke kwa anayehusika na ulinzi wa watoto hapo shuleni, au mwalimu mkuu. Kama picha ipo, usimwambie akurushie kwenye simu yako "uione", hata kwa nia njema. Wala usimwambie afute mazungumzo, maana yanaweza kuhitajika.

Ulipokosea ni hapa: ulimwonyesha hatari, hukumwonyesha mlango wa kutokea. Watoto wengi hawasemi kwa sababu wanajua jibu la mtu mzima litakuwa kunyang'anywa simu.

Bosi_Mstaafu
Darasa la nne usalama mtandaoni wa nini? Mitandao yenyewe inasema miaka 13. Wazazi wafunge simu, yaishe.

Kisimbuzi
@Bosi_Mstaafu mkuu, hiyo 13 haikupimwa kwa akili ya mtoto. Ilitokana na sheria ya Marekani ya mwaka 1998 inayobana kampuni zinazokusanya taarifa za watoto walio chini ya miaka 13 bila ridhaa ya mzazi. Mtoto anadanganya mwaka wa kuzaliwa, anaingia. Darasani kwangu niliuliza nani ana akaunti. Mikono iliyonyooka ilikuwa mingi kuliko nilivyotarajia.

Kwa mleta uzi: usianze na kompyuta, wewe uwe roboti. Shika kiatu, waambie wakupe maagizo ya kukivaa, na ufuate neno kwa neno. Wakisema "ingiza mguu" bila kusema wapi, ingiza kwenye ndoo. Watacheka, kisha wataanza kurekebisha maagizo yao wenyewe. Hapo wameshaanza kuprogramu.

Kwa kuwa wewe ni mtu wa hesabu, wape watoto 5 kadi za 16, 8, 4, 2 na 1 wasimame mbele kwa mpangilio huo. Kadi iliyofunuliwa ni 1, iliyogeuzwa ni 0, ndivyo kompyuta inavyoandika namba. Mwenye umri wa miaka 10 anataka 8 na 2 zifunuliwe, nyingine zigeuzwe: 01010. Kadi 5 tu zinafika mpaka 31, na hakuna umeme uliotumika.

Baadaye weka Scratch, programu ya kufundishia watoto kuprogramu kwa kuunganisha vipande vya maagizo, ile ya chuo cha MIT cha Marekani iliyotoka 2007. Ni ya bure na ukishaisakinisha inafanya kazi bila intaneti. Wawili kwa kompyuta moja, mmoja anashika kipanya, mwenzake anaelekeza, baada ya dakika tano wanabadilishana. Waliobaki wako kwenye kadi. (Wakikwama wasimulie kuhusu nondo, yule mdudu wa kufuata taa, aliyekutwa ndani ya kompyuta ya zamani iitwayo Harvard Mark II mwaka 1947 na kubandikwa kwenye daftari la kumbukumbu; kwa Kiingereza kosa la programu huitwa "bug", yaani mdudu. Wangu hawaogopi tena kosa, wanasema "kuna nondo humu.")

Mama_Wawili
Nyongeza ya nywila. Kwa watoto kumpa rafiki nywila ni kama kumpa nusu ya kitu chako, ni upendo. Ukisema "ni marufuku" wanakuona huelewi urafiki. Mimi huwauliza: mkigombana kesho, atakuwa bado anaijua? Kimya kinatanda. Kisha tunatunga za mazoezi, maneno matatu yasiyohusiana. Mfano wa ubaoni usiwe nywila ya mtu.

Mwalimu_wa_Hesabu
Mrejesho. Mtoto ameongea na mhusika wa ulinzi wa watoto, na mzazi ameitwa. Sitaandika zaidi ya hapo. Aliniuliza jambo moja tu: kama nimemkasirikia.

Leo nimekuwa roboti. Agizo la kwanza lilikuwa "vaa kiatu", nikavaa juu ya kile nilichokuwa nacho. Darasa likapasuka kwa kicheko. Maagizo 19 baadaye mguu ukaingia.

Kisimbuzi
Na kamba?

Mwalimu_wa_Hesabu
Kengele imelia tukiwa kwenye fundo.